NAAMANI ALIJICHOVYA MARA SABA, WEWE UMEACHA TEMBE SIKU YA KUMI



Leo sitabembeleza mtu. Wiki hii familia moja imenipigia simu. Wanataka kuuza ng'ombe wawili ili binti yao atundikiwe dripu ya ketamini. Wameona video: mtu ameingia kliniki akilia, ametoka akicheka. Nikauliza, "Na zile tembe za hospitali?" Wakajibu, "Mchungaji, alimeza siku kumi, hakuona kitu, akaacha."

Siku kumi!

Wapendwa, tembe za depresheni kama fluoksetini si dawa ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa, hata 6, kabla mtu hajapata nafuu ya kweli. Kichefuchefu kinaweza kutangulia, nafuu ikafuata baadaye. Wengi huacha hapo katikati, halafu wanasema dawa imeshindwa.

Ketamini nayo si pepo, na si muujiza. Ni dawa ya nusu kaputi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970. Ikipitishwa mshipani kwa kipimo kidogo, kwa kawaida dakika 40, inaweza kuinua moyo ndani ya saa chache. Hilo ni kweli, sitalikana. Lakini nafuu ya dripu moja mara nyingi hufifia baada ya siku au wiki chache, na inabidi kurudia. Hupandisha presha, na inaweza kumtia mtu katika uraibu. Mwigizaji Matthew Perry alikufa Oktoba 2023, na uchunguzi wa maiti ukaitaja ketamini kuwa chanzo kikuu.

Dawa ndugu yake, ile ya kupuliza puani, Marekani iliidhinisha mwaka 2019 kwa wagonjwa ambao dawa zingine zimejaribiwa ipasavyo zikashindwa. Kama ni wewe, na daktari wa akili amekuelekeza huko, nenda kwa amani. Mtu asikuhukumu. Ninayempinga ni yule anayeruka mto ulio karibu kwa sababu hauna kelele.

Someni 2 Wafalme 5. Naamani alikasirika kwa kuwa alitarajia jambo kubwa, akaambiwa akaoge Yordani. Angetoka majini mara ya tatu, angerudi Shamu na ukoma wake.

Na wewe mtumishi mwenzangu unayewaambia waumini watupe tembe madhabahuni ili waonyeshe imani, nakuuliza: Elisha alimwambia Naamani kwamba kuingia majini ni kukosa imani? Mtu akiacha dawa ghafla kwa neno lako, akaanguka usiku, utakuwa wapi? Ombea tembe, usizitupe. Tembe ni yangu kumeza, uponyaji ni wa Bwana.

Na kama unawaza kujiua, usingoje wiki 6, wala ibada ya Jumapili. Mwambie mtu sasa, uende hospitali leo. Usiogope kukamatwa: Januari 2025 Mahakama Kuu yetu ilisema sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Wewe ni mgonjwa, si mhalifu.

Yule binti amekubali kurudi kwa daktari wake Jumatatu. Mama mchungaji atamsindikiza. Ng'ombe wabaki zizini kwanza.

Kama kuna mtu nyumbani mwako aliyeacha dawa kimyakimya, muulize leo, kwa upole.

Andika AMINA, kisha umtumie mmoja anayehitaji neno hili.