Dakika Moja ya Kusimama Haitoshi

Utaratibu wa Dodoma tunaujua. Spika anatangaza kifo, anataja jina la marehemu na jimbo alilowahi kuliwakilisha, waheshimiwa wanasimama kwa dakika moja, anamwombea marehemu apumzishwe mahali pema peponi, wanaketi. Kisha Katibu anaitwa na maswali yanaanza. Kama marehemu alikuwa mtu mkubwa, shughuli nayo inakuwa kubwa. Novemba 2016, alipofariki Spika wa zamani Samuel Sitta, Bunge lilifanya kikao maalumu cha kumuaga.

Sina ugomvi na kikao hicho, Sitta alistahili. Hoja yangu ni kwamba katika vikao vikubwa na katika ile dakika moja, Bunge letu huomboleza kama jirani tu. Linatoa pole, linamsifu marehemu, linaifariji familia. Hayo jirani anayaweza, na chama, kanisa au msikiti vinayaweza zaidi. Kitu ambacho Bunge peke yake linacho ni Taarifa Rasmi ya majadiliano, ile Hansard, iliyoandika kila neno ambalo marehemu alilisema akiwa amesimama ukumbini. Taazia ya Bunge isiyotoka humo ina tofauti gani na salamu za rambirambi za magazetini?

Mwangalie Sitta huyo huyo. Chini ya uspika wake iliundwa kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Februari 2008 ripoti yake ikasomwa, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji. Mwaka 2010 CCM ikaamua safari hii mgombea uspika awe mwanamke, Sitta akakaa pembeni, Anne Makinda akashika kiti. Lowassa, mbunge wa Monduli hadi 2015, alihamia upinzani, akagombea urais, akarudi CCM mwaka 2019, akafariki Februari 2024. Leo wote wawili ni marehemu, na ukizisoma sifa walizomwagiwa utadhani hawakuwahi kukwaruzana hata kwa kikombe cha chai. Lakini siku zile za Februari 2008 ndizo siku ambazo Bunge lilifanya kazi yake mbele ya macho ya nchi nzima. Ukiziacha nje ya taazia ya mmoja, umempunguzia sifa. Ukiziacha nje ya taazia ya mwingine, umemnyima hata ule utetezi wake kwamba hakusikilizwa.

Najua jibu litakalotolewa: marehemu hasemwi. Ni adabu yetu, nami naiheshimu matangani. Mjane ameketi jukwaa la wageni, watoto wamevaa nyeusi. Nani atasimama kuhesabu makosa? Ila Bunge halilazimiki kusema yote siku ya msiba. Sri Lanka wana desturi ya kujadili hoja ya rambirambi kwa mbunge wa zamani, mara nyingi miezi kadhaa baada ya mazishi. Wabunge wa pande zote huchangia, na maneno yao hupelekwa kwa familia. Machozi yamekauka, na watu wamepata muda wa kufungua makabrasha.

Hebu fikiria hoja ya namna hiyo kuhusu Spika wa zamani Job Ndugai, aliyefariki Agosti 6, 2025, siku tatu tu baada ya Bunge kuvunjwa. Msemaji mwadilifu angekumbusha kwamba Ndugai ndiye aliyetangaza mwaka 2019 kuwa kiti cha ubunge cha Tundu Lissu kiko wazi, ilhali Lissu alikuwa nje ya nchi kwa matibabu baada ya kupigwa risasi. Angekumbusha pia kwamba Ndugai mwenyewe aliachia uspika Januari 2022, baada ya kuonya kuhusu mikopo ya serikali, akaandamwa mpaka akaomba radhi. Kiti cha uspika kilimpa nguvu dhidi ya mwenzake, kisha hakikumlinda yeye. Mbunge mpya akisikia hayo mawili pamoja atajifunza zaidi kuhusu uhuru wa Bunge kuliko katika semina tatu za wabunge wapya.

Tena vigogo wana watu wa kuwakumbuka. Oktoba 2025 mwili wa Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata kwa miaka 20 na zaidi, ulipangwa kuagwa katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Umati ulivyofurika ikabidi shughuli ihamishiwe uwanja wa Kasarani. Anayelihitaji Bunge ni yule wa viti vya nyuma, aliyetumia miaka 5 kuulizia kisima na barabara ya tarafa yake mpaka mawaziri wakamchoka. Asipokumbukwa na Hansard, hakumbukwi.

Kenya hiyo hiyo iliwahi kuonyesha heshima ya juu kabisa ambayo wabunge wanaweza kumpa mwenzao. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, wabunge hawakuishia kusimama kimya. Waliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, wakaita mashahidi, wakaandika ripoti iliyowanyooshea kidole wakubwa wa usalama, na Bunge likaipokea, serikali ikitaka lisifanye hivyo. Waziri Masinde Muliro alipiga kura upande wa ripoti, akafutwa kazi. Wauaji hawakufungwa. Hata hivyo ripoti ipo, na majina yaliyobaki ndani yake hayajafutika.

Sisi tunao wa kwetu wa kukumbukwa. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, miongoni mwao Joseph Kasella Bantu na Eli Anangisye, na ubunge wao ukaishia hapo. Bibi Titi Mohamed, mbunge wa miaka ya mwanzo ya uhuru, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, akafariki mwaka 2000. Barabara moja ya Dar es Salaam ina jina lake. Je, maneno aliyoyasema bungeni yako wapi, na ni mbunge gani wa leo aliyewahi kuyasoma?

Mheshimiwa Spika, ombi langu ni dogo. Tenga siku moja katika kila mkutano wa Bunge kwa wabunge wa zamani waliofariki, wa chama chochote, wadogo kwa wakubwa. Katibu aandae ukurasa mmoja kwa kila jina: aliuliza nini, alipinga nini, alipiga kura wapi, aliondokaje. Na orodha ianze na wale waliofukuzwa mwaka 1968.