TUSIMFUNGE MARA YA PILI

Ndugu Wanachama,

Mwaka jana kijana mmoja alifika langoni mwa karakana yetu kutafuta kazi ya useremala. Alikuwa na cheti cha kufaulu mtihani wa ufundi. Alipoulizwa alijifunza wapi, hakusema uwongo. Alijibu, "Gerezani." Kabla tajiri hajasema neno, mmoja wetu akapiga kelele, "Fungeni masanduku ya vyombo!" Tukacheka sote, na mimi nikiwamo. Kijana akaenda zake. Baada ya miezi michache tukasikia amekamatwa tena kwa wizi. Wako waliosema, "Si mnaona?" Mimi sikuweza kusema hivyo.

Ndugu zangu, gereza si mahali pa adhabu tu. Nambari za magari hutengenezwa na wafungwa pale Kamiti. Wengine hujifunza useremala, ushonaji na kilimo. Mwaka 2003 Bwana Moody Awori, akiwa Waziri mwenye kusimamia magereza, alianza kuyatengeneza mambo, wafungwa wakapata magodoro. Tena sheria huwapunguzia wafungwa wengi theluthi moja ya kifungo kwa bidii na tabia njema. Hayo yote ni mazuri. Lakini kuna faida gani kumfundisha mtu kazi, kisha akitoka kila mlango unamdai cheti cha polisi cha tabia njema, na cheti hicho ndicho kinachomfukuza?

Behewa likitoka relini hatulichomi moto. Twaleta jeki, twaliinua, twakagua magurudumu, twalirudisha njiani, na kwanza lapita polepole.

Wako watakaosema, "Hata wasio na kosa hawana kazi." Ni kweli. Hatuombi apitishwe mbele ya mtu. Twaomba asitolewe katika foleni. Wala hatusemi aliyeiba fedha apewe ufunguo wa sanduku la fedha. Twasema kosa lipimwe pamoja na kazi yenyewe na miaka iliyopita. Tukumbuke pia kwamba aliyekosa kazi akarudia wizi haendi kwa wakubwa wenye askari na mbwa. Huja kwetu, kwenye vyumba vyetu, siku ya mshahara.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, jambo hili liletwe katika mkutano wa tawi, ili viongozi wetu wazungumze na matajiri. Pili, mwanachama akihukumiwa kufanya utumishi wa jamii, chini ya sheria ya 1998, tumtetee asifukuzwe kazi. Hakimu amemwacha nje makusudi, asitengwe na watoto wake wala na riziki yake. Tatu, akija mwingine langoni, tusicheke.

Wazee walisema, kosa moja haliachi mke. Kijana yule alikuwa amekwisha kulipa deni lake. Sisi tulimdai mara ya pili.

Wenu katika kazi,
Mhariri