Muulizeni kwanza mwenye siku

Mtindo wa kummwagia maji mtu anayetimiza mwaka umeingia hadi maofisini. Zamani yalikuwa mambo ya wanafunzi wa bwenini. Sasa mtu mzima, mwenye watoto wake, anaviziwa mlangoni kwa ndoo, unga na mayai, huku simu zikirekodi ili video iwahi kwenye kundi la WhatsApp. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya, wanampenda mwenzao. Ila wanaamini kwamba siku ya kuzaliwa ni furaha tupu kwa kila mtu, na hapo sikubaliani nao hata kidogo.

Nilizaliwa Pangani, Machi 1984, na mama yangu alifariki siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Damu haikukatika. Bibi mzaa mama alimzika binti yake, akarudi nyumbani kunilea mimi.

Bibi alihesabu miezi kwa mifunguo, yaani miezi ya Kiislamu kama tunavyoiita Pwani. Kwake mama alifariki Mfunguo Tisa, na kila Mfunguo Tisa ulipofika ilisomwa hitima. Mchele alikuwa ameuloweka tangu jana yake. Anausaga na tui la nazi, anatia sukari, iliki na hamira, anauacha uumuke, kisha anaumimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Watoto wa madrasa walikuja, wakasoma, wakala mkate wa kumimina. Mimi nililala mapajani pa bibi, na siku hiyo hakuna aliyenitaka nicheke.

Halafu kulikuwa na tarehe ya kwenye cheti, ile ya Machi. Hiyo nilivishwa gauni jipya. “Ile ilikuwa ya mama yako,” bibi aliniambia, “hii yako, mjukuu wangu. Furahi.” Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hitima ilizidi kurudi nyuma kila mwaka. Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1997 iliangukia Oktoba, mbali kabisa na gauni langu. Kilio kikawa na nafasi yake, na shangwe nafasi yake.

Mwaka 2016 siku hizo mbili zilikaribiana, zikapishana kwa siku chache tu. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ndio mwaka ambao wenzangu ofisini walinivizia. Nilisimama katikati yao nimelowa chapachapa, unga umeganda kwenye nywele, nikawashukuru, kisha nikaenda chooni kulia. Sikulia kwa huzuni peke yake. Nilifurahi kwamba napendwa. Nilifurahi kufika miaka 32, maana mama aliishia 24. Na furaha hiyo hiyo ndiyo iliyoniuma.

Wenye siku kama yangu si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Namshukuru Mungu kwa kila mama aliyepona kati ya takwimu hizo mbili. Lakini wapo watoto waliobaki, wamekua, wako nasi makazini, na kila mmoja ana tarehe yake. Yupo pia mtumishi anayetimiza miaka 60 na kukata keki siku ile ile anayostaafu kwa lazima, watoto wake bado wanasoma. Yupo mwanamke ambaye kila anapotimiza mwaka anaulizwa ataolewa lini, au atazaa lini.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba furaha na majonzi hukaa pamoja. Mfunguo Sita tunasoma Maulidi kwa shangwe, na huo huo ndio mwezi ambao, kwa mapokeo tuliyorithi, Mtume alizaliwa na ndio aliofariki. Tunasimama, udi unafuka, tunanyunyiziwa marashi ya mawaridi kidogo kidogo, na mtu akifuta machozi hakuna anayemuuliza ana nini.

Sitaki sherehe zikatazwe. Wapo wanaosubiri siku hiyo mwaka mzima, na wasipokumbukwa wanaumia sana. Hao nao wana haki yao. Ninachodai ni swali moja siku chache kabla: siku yako ungependa iweje? Idarani kwetu tumeweka daftari, mwenye siku anajiandikia mwenyewe. Kijana mmoja ameandika keki, muziki na maji, hata ndoo tatu. Dada wa masjala ameandika keki bila picha. Mzee wetu mmoja ameomba aachwe aondoke saa sita mchana, hakueleza sababu, na mkuu wa idara ameshasaini.