Si kasi tu, ujumbe nao ufike

Wanaosifu mawasiliano ya intaneti kwa njia ya mwanga, yaani Li-Fi, husifu kasi yake. Jina hilo lilienezwa na Profesa Harald Haas mwaka 2011, na mwaka 2023 taasisi ya IEEE ikaidhinisha kanuni zake za kiufundi. Mimi, ambaye kazi yangu ni isimu, naona swali la kwanza ni jingine: vifaa vingi vikisema kwa pamoja chumbani, ni ujumbe upi utakaofika?

Tuchukulie wadi ya hospitali yenye vifaa vidogo vya kupima joto na mapigo ya moyo, kila kimoja kikipeleka habari kwa kipokezi kilicho darini kwa miale isiyoonekana. Kwa vile ujumbe ni mfupi na huja kwa nadra, kukipangia kila kifaa zamu huwa ni gharama. Huachiwa kiseme kinapotaka. Mtindo huo ulianza kutumika mwaka 1971 katika mtandao wa redio wa ALOHA, ulioasisiwa na Norman Abramson katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Hesabu yake yajulikana: vifaa vikisema ovyo, ni takriban asilimia 18 tu ya muda iwezayo kubeba ujumbe salama. Vikilazimishwa kuanza kwa vipindi maalum, hufika 37. Msongamano ukizidi, ujumbe hugongana na kupotea.

Binadamu huzungumza bila mwenyekiti kwa kuwa twasikiana. Mmoja akianza, mwingine hunyamaza. Vifaa hivi havina bahati hiyo. Kila kimoja huelekeza miale yake darini, wala hakioni ya jirani. Hivyo kusikiliza kabla ya kusema hakusaidii sana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sisemi teknolojia hii ikataliwe. Mwanga haupenyi ukuta, kwa hiyo kelele za chumba cha pili hazituingilii. Aidha, vipokezi vikiwa kadhaa, ujumbe uliopotea kwa kimoja waweza kunaswa na kingine. Lakini kurudiarudia ujumbe bila mpango ni kuongeza msongamano ule ule.

Hivyo basi, hospitali zetu zitakapoletewa mitambo ya aina hii, wanunuzi wasitosheke na sifa za kasi. Wadai kuonyeshwa vifaa vyote vikisema kwa pamoja, kisha wahesabu ni ujumbe kiasi gani uliopotea. Mgonjwa hafaidiki na kasi ya ujumbe usiofika.