MLANGO WA BAHARI NA KIKAPU CHA CHAI



Yuko atakayeuliza: sisi watu wa Manyatta, tulio chini ya Mlima Kenya, bahari yatuhusu nini? Jibu limo kikapuni. Majani tuchumayo asubuhi hupelekwa kiwandani, Mungania au Kathangariri, kisha chai hushuka Mombasa na kuuzwa mnadani kwa dola. Ile iendayo Misri na Uingereza, njia yake fupi ni Bahari ya Shamu, na mlango wake ni Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Jibuti, upana wa kilomita 30 hivi. Waarabu waliuita Mlango wa Machozi, wala hawakukosea.

Mwezi Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kuzishambulia meli. Tarehe 19 waliiteka Galaxy Leader, na mabaharia wake 25 hawakuachiliwa mpaka Januari 2025. Machi 2024 mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa. Hao ni wafanya kazi kama sisi. Vita si vyao. Makampuni makubwa yakazizungusha meli kwa Rasi ya Tumaini Jema, safari ikazidi kwa siku kumi na zaidi, nauli na bima zikapanda.

Si jambo jipya. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita Juni 1967, ukafunguliwa Juni 1975. Meli 15 zilikwama humo kwa miaka mingi, hata mchanga wa jangwa ukazigeuza rangi.

Sasa tutazame nani hulipa. Mwenye meli humwongezea mnunuzi nauli. Mnunuzi hupunguza bei mnadani. Mwenye shamba hupata kidogo, naye humpunguzia mchumaji, na mchumaji hana wa kumsukumia mzigo. Tena mafuta ya gari hutoka Ghuba, ambako mlango ni Hormuz. Nauli ya matatu ikipanda, mchumaji yule yule huumia mara ya pili.

Hatukatai kwamba gharama za meli hupanda. Tunachokataa ni hadithi ya upande mmoja: meli ikizunguka, malipo hayawezi kuongezwa, meli ikirudi njia yake, hakuna anayekumbuka kutuita. Na bei ya chai hushuka kwa sababu nyingine pia, kama chai kujaa sokoni. Si haki kila hasara kusingiziwa bahari.

Basi mwajiri atakayetusimulia habari za Bahari ya Shamu, na aweke hesabu mezani: nauli ya kabla, nauli ya sasa, na bei ya mnada. Katika mapatano yajayo tudai iandikwe kwamba nauli ikishuka, malipo yatazungumzwa upya. Wajumbe wa matawi wakusanye karatasi za kilo na za malipo tangu 2023, hata zilizochakaa.