Maoni: Mbwa mlinzi si kufuli, usimtoe wala usimpokee bila kumjua

Tangu mapigano ya Januari 2025 hapa Goma, na yale yaliyofika Bukavu mwezi uliofuata, nyumba nyingi zenye ukuta mrefu zimebaki na watu wachache. Wenyewe wamevuka mpaka ama wamekwenda Kinshasa. Ndani ya parseli wameacha sentineli na mbwa mkubwa. Upande mwingine kuna familia za wahami zinazolala kwenye nyumba za mbao zisizo na mlango wa nguvu, na usiku zinaogopa wezi. Mtu akiwaambia "chukueni huyu mbwa, bure", wanaona ni bahati. Maoni yangu ni kwamba bure hiyo inaweza kulipwa na mtoto.

Tuzungumze kwanza juu ya mnyama mwenyewe. Dume la Rottweiler hufika kilo 50. Boerboel, mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, anaweza kupita kilo 60. Mchungaji wa Kijerumani ni mwepesi kidogo, lakini ni mwenye mbio na akili nyingi. Si wanyama wabaya. Walichaguliwa na kuzalishwa kwa miaka mingi ili wamtambue wa nyumbani na wamzuie mgeni. Ila mbwa hulinda mahali anapopajua na watu anaowajua. Ukimpeleka leo kwenye parseli nyingine, hana anachokilinda bado. Ana woga tu. Na woga wa mbwa mkubwa hutoka kwa meno. Sisi tuliohama tunaelewa: tabia ya mtu haijulikani siku ya kwanza aliyofika ugenini.

Kwa hiyo, wewe unayemtoa, sema ukweli. Aliwahi kuuma? Amekaa na watoto? Akiona kuku na mbuzi anafanya nini? Alikuwa anafungwa mnyororo mchana kutwa? Anatii maneno ya Kifaransa ama ya Kiswahili? Karatasi ya chanjo iko wapi? Kuficha jambo moja kati ya haya ili mbwa aondoke haraka ni kumtegea jirani mtego. Na wewe unayempokea, usimuulize boss peke yake. Muulize sentineli. Yeye ndiye aliyempa bugali kila jioni na kukesha naye, na mara nyingi ndiye mbwa anamhesabu kuwa bwana wake. Kama sentineli ana nafasi na anamtaka, apewe yeye kwanza.

Kumhamisha kunataka subira. Mtembelee mara kadhaa kwake kabla ya kumchukua. Akifika kwako, mtu mmoja amlishe, saa zile zile, na wageni wapungue majuma mawili ya kwanza. Usimfunge mnyororo mfupi siku nzima, maana mbwa asiyeweza kukimbia anajua njia moja tu ya kujitetea. Mtoto asibaki naye peke yake, wala asimkaribie anapokula. Mbwa akisimama kama mti, mkia umekaza na macho hayapepesi, rudi nyuma polepole bila kukimbia. Akinguruma, usimpige. Kunguruma ni kengele yake; ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kukuonya.

Kuna familia ambazo, kwa heshima yote, nazishauri zikatae. Kama parseli moja inakaa familia tano, na wageni wanaingia kila saa, mbwa huyu hatajua nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Kama nyumbani mnakula mara moja kwa siku, yeye atakula nini? Kwenu mbwa mdogo wa kienyeji anatosha. Mwizi anakimbia kelele kabla ya kukimbia meno.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Mbwa asibadilishe nyumba bila chanjo, na daktari wa mifugo aseme itarudiwa lini. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Jiwe jeusi, pilipili na majani havizuii ugonjwa huu. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Ninyi mnaoondoka, msifungue geti na kumwachilia barabarani. Mbwa wa kilo 50 mwenye njaa, katikati ya watoto wanaokwenda kuchota maji, ni hatari mliyoiacha kwa majina yenu. Mkikosa nyumba inayomfaa, mwiteni daktari wa mifugo. Hata sindano yake ya mwisho, ingawa inauma moyo, ina huruma kuliko mawe ya barabarani.

Na kwa wakubwa wa nyumba kumi na wa avenyu ninaomba kitu kimoja: mbwa mkubwa akihama, mjulishwe ametoka kwa nani, ameingia kwa nani, na kama ana chanjo. Tunaandika mgeni anapolala mtaani. Mgeni huyu naye aandikwe.