Vidonge vya Sonona na Nuru ya Macho



Ipo chupa ndogo inayoingia majumbani mwetu siku hizi bila kupiga hodi. Hununuliwa kwa mchuuzi wa dawa lishe, au huletwa na jamaa atokaye Ulaya, kisha hufichwa chini ya mto kwa sababu mwenye kuitumia anaona haya kusema kwamba ana sonona. Haya hiyo tumeijenga sisi wenyewe. Mtu akilalamika kuwa halali, hali, wala hana hamu hata ya watoto wake, tunamwambia imani yake imepungua; basi naye hunyamaza na kwenda kujitibu gizani. Wanazuoni waliotutangulia hawakuwa hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akatofautisha huzuni ambayo sababu yake yajulikana na ile isiyojulikana chanzo chake.

Tuseme haki kwanza. Mashuhuri zaidi katika chupa hizo ni mmea wa maua ya manjano uitwao St John's wort, ambao wataalamu huuita Hypericum perforatum. Si hadaa tupu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008, yaliyokusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, yaliona kwamba mmea huo uliwasaidia wenye sonona kuliko kidonge kisicho na dawa, na ukakaribiana na dawa za hospitali, ingawa matokeo mazuri zaidi yalitoka katika nchi zinazozungumza Kijerumani. Kosa ni kudhani kwamba kilicho cha majani hakidhuru.

Ndani ya mmea huo mna haiperisini, kitu ambacho hunyonya mwanga, na kikishaunyonya huzalisha oksijeni kali inayounguza kilicho karibu nayo. Wafugaji walilijua hili zamani: kondoo wakiula kwa wingi kisha wakakaa juani, ngozi yao hubabuka na macho huathirika. Mwaka 2000 watafiti, miongoni mwao Joan Roberts wa Chuo Kikuu cha Fordham, New York, walionyesha kwamba protini ya lenzi ya jicho ikikutanishwa na haiperisini na kupigwa na mwanga, huharibika. Protini hizo, hasa zilizo katikati ya lenzi, mwili hauzifanyi upya. Tunazaliwa nazo na tunazeeka nazo, na zikiharibika uangavu hupotea, ndiyo njia ya mtoto wa jicho. Hayo yalionekana maabara, wala hayathibitishi kwamba kila ammezaye atapofuka, nasi hatupendi kumtisha mtu kwa lisilothibiti. Lakini mvuvi au mkulima wa mwani anayeshinda katika jua letu la pwani ana haki ya kuambiwa, ili avae kofia pana na miwani izuiayo mionzi ya urujuanimno, au amuulize daktari kama ipo dawa nyingine imfaayo.

Jingine ni la haraka zaidi. Dawa nyingi za sonona zitolewazo hospitali hubeba onyo kwamba zaweza kutanua mboni na, kwa mtu ambaye njia ya maji ya jicho lake ni nyembamba, kuleta presha ya macho ya ghafla. Sasa mgonjwa aliyeandikiwa dawa hizo akiongeza kwa siri St John's wort, au vidonge vya 5-HTP, serotonini huweza kuzidi mwilini: hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, mboni hutanuka na macho huchezacheza yenyewe. Hali hiyo yaweza kuua. Daktari atajuaje, ilhali chupa iko chini ya mto? Mmea huo huo hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, vya kuzuia damu kuganda, na vya kufubaza virusi vya Ukimwi.

Wako pia wanaomeza niasini, yaani vitamini B3, wakitaraji kuchangamka. Mtu mzima huhitaji miligramu 14 hadi 16 kwa siku. Wao humeza gramu nzima na zaidi. Tangu mwaka 1973 imeandikwa na matabibu kwamba kiasi kikubwa namna hiyo huweza kuvimbisha sehemu ya katikati ya retina, mtu akaona ukungu pale pale anapotazama. Aghalabu nuru hurejea akiacha, naye huenda akabadilisha miwani kabla ya mtu kumuuliza anakula nini.

Enyi waume, wake na wazazi, sheria yetu imeweka kuhifadhi nafsi na akili miongoni mwa makusudio yake makuu, basi mwenye sonona aulizwe kwa upole anatumia nini, na chupa zote zipelekwe kwa daktari, za hospitali na za majani. Dawa ya hospitali isikatwe ghafla kwa hofu ya haya tuliyoyaandika. Ama jicho likiuma sana, likawa jekundu, taa zikaonekana zimezungukwa na duara za rangi, na kichefuchefu kikafuata, asisubiriwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali usiku ule ule.